Sukari yangu inapanda ingawa ninakula kidogo: ninamuuguza mama mwenye kiharusi

Mwalimu wa Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia metfomini asubuhi na jioni. Kwa muda mrefu sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa kati ya 6 na 7 (milimoli kwa lita), lakini tangu mama yangu apate kiharusi, nami nikawa ndiye ninayeamka kila baada ya saa mbili usiku kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni, haishuki chini ya 10, na juzi ilifika 13. Kinachonishangaza ni kwamba hamu ya chakula imenitoka kabisa: chai ninainywa bila sukari, na mara nyingi ninapitiliza mpaka mchana bila kutia kitu kinywani. Hata hivyo nyumbani wameanza kunong'ona kwamba ninakula vitamu kwa siri, na maneno hayo yananiumiza kuliko hizo namba. Je, mawazo peke yake yanaweza kupandisha sukari? Na je, naweza kuongeza kidonge kimoja cha usiku mpaka mama apate nafuu?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana mwanangu, na Mungu amjalie mama afya. Ndiyo, yanaweza. Mtu anapokuwa katika hofu, huzuni au uchovu wa muda mrefu, mwili hutoa homoni za adrenalini na kortisoli, ambazo hulifanya ini limwage katika damu sukari lililoihifadhi na kutengeneza nyingine mpya, na wakati huohuo huizuia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, kufanya kazi yake ipasavyo. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na sukari ikarudi mahali pake. Kwako wewe nguvu hiyo imepungua. Kukosa usingizi nako huongeza tatizo, na kwa kuwa kortisoli hupanda kwa kawaida kila alfajiri, si ajabu kipimo chako cha asubuhi ndicho kibaya zaidi. Hao wanaonong'ona waelezwe kwamba sukari hiyo inatoka ndani ya mwili wako mwenyewe, wala hukuila popote.

Kuhusu kidonge, tafadhali usijiongezee. Kiwango cha metfomini hupangwa kwa kuangalia pia hali ya figo, na huenda daktari akaona unahitaji dawa nyingine kabisa. Ninasisitiza hili kwa sababu wapo wanaotumia glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, na mtu akiongeza dawa hiyo huku hali chakula, sukari inaweza kushuka chini ya 4 akatetemeka, akatokwa jasho na hata kupoteza fahamu.

Usiwe mwepesi wa kuyasingizia mawazo kila kitu, hata hivyo. Je, una homa, kikohozi, jino linalouma, au maumivu wakati wa kukojoa? Maambukizi hupandisha sukari kwa kiasi kikubwa, na vilevile dawa za steroidi kama prednisoloni. Tena jiulize unapimaje. Ukitoka kumenyea mgonjwa chungwa kisha ukajitoboa kidole bila kunawa, mashine itasoma na sukari ya lile chungwa. Na vibanzi vya kupimia vikiachwa wazi kwenye joto na unyevunyevu wa pwani huharibika.

Baba Watatu

Dada, mimi ninachoma insulini, na nilipofiwa na mke wangu niliyaona haya. Lililonisaidia ni kuwaambia ndugu waziwazi kwamba nami ni mgonjwa, nikamkabidhi mpwa wangu kazi ya kuhakikisha ninakula kwa wakati, kwa maana msibani mtu hupewa soda na chai iliyokwisha kutiwa sukari, naye huona haya kukataa. Kwako ningeanza na zamu za usiku. Kumgeuza mgonjwa ni kazi ambayo hata kijana wa kiume hujifunza siku moja akionyeshwa. Kaka zako wagawane usiku nawe upate walau saa sita mfululizo. Mchana, baada ya kula, zunguka nje dakika kumi au kumi na tano, maana misuli inayotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru mno. Homa sina, ila kukojoa kunaniunguza kidogo tangu wiki iliyopita, nami nilidhani ni kwa sababu sinywi maji ya kutosha. Kliniki yangu ni mwisho wa mwezi.

Muuguzi Mstaafu

Usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda kesho ukapimwe mkojo, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo huwapata sana wanawake wenye kisukari, na yakiachwa hupanda mpaka kwenye figo. Chukua mashine yako pamoja na daftari lenye saa ya kila kipimo, ulichokula na ulivyolala, ili daktari aamue juu ya dawa akiwa na picha kamili. Na ikitokea kabla ya hapo sukari ikapita 15 na kubaki huko, au ukaanza kutapika, kuwa na kiu isiyokatika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mama hajageuzwa.