Kujelibreki iPhone, hatari yake ni ipi hasa?

Muulizaji: Wakuu habari zenu, nina iPhone ya zamani nataka niijelibreki (nivunje vizuizi vya Apple) niweke programu za nje ya App Store, fundi wa mtaani anasema haina shida ila jamaa yangu ananitisha eti ntaibiwa hela. Ukweli upi?

Jibu 1: Jamaa yako yuko sahihi mkuu. Kawaida kila programu imefungiwa chumba chake, haichungulii ya mwenzake, sasa ukijelibreki unavunja hizo kuta, kiprogramu kimoja cha kihuni kinasoma meseji, paswadi, kila kitu. 2015 kulikuwa na kirusi KeyRaider, kiliiba akaunti za Apple zaidi ya 225,000 kwenye simu zilizojelibrekiwa, wengi wao Wachina.

Jibu 2: Na kirusi Ikee cha 2009 kule Australia je 😂 watu waliweka SSH (njia ya kuingia kwenye simu kwa mbali) wakaacha paswadi ileile ya kiwandani, "alpine", kirusi kikawa kinaruka simu hadi simu kinabandika picha ya mwimbaji Rick Astley kwenye skrini. Huo ulikuwa utani tu, mwezi huohuo kikaja kingine Uholanzi kinawinda wateja wa benki.

Muulizaji: Duh. Nikibadilisha hiyo paswadi?

Jibu 1: Inaziba tundu moja tu. Ukiapdeti jelibreki inapotea, ndo maana watu wanaganda na toleo la zamani lenye matundu kibao, halafu programu nyingi za benki zikishtukia zinagoma kufunguka. Kama ndo simu ya miamala usiiguse aisee, kama ya kuchezea toa laini na akaunti zako kwanza.