Naomba utaratibu wa kumhamisha mtoto darasa la nne, haraka

Binti Rangi Tatu
Wakuu habari za jioni. Nina binti darasa la nne, shule ya serikali huku Mbagala. Nataka kumhamishia Korogwe kwa bibi yake, ikiwezekana kabla ya Jumatatu. Naanzia kwa mwalimu mkuu wa huku au shule anayokwenda? Na mwalimu mkuu ana haki ya kukataa kunipa barua?

Sababu ni nyingi. Darasa moja watoto 87. Kwenye grupu la wazazi kila siku tangazo, leo ream za karatasi, kesho mlinzi. Juzi wametuandikia hivi: "Wazazi wapendwa, uji wa darasa la nne umesimama hadi mtakapotangaziwa. Watoto waje wamekula." Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, atakula saa ngapi? Nimechoka nayo hii shule. Matusi sitaki, nina mawazo.

Konda Mstaafu
Hayo magrupu mimi nilijitoa. Matangazo ya shule mawili, picha za maua za "asubuhi njema" mia. Siku moja shule imefungwa kwa mafuriko, tangazo limezama chini ya maua, nikampeleka mtoto na mvua yote ile. Tulikuta mlinzi na mbuzi.

Chaki ya Zamani
Mwanangu, unaanzia anakokwenda. Bibi yake aende shule ya huko aulize nafasi. Wakimpokea, ndipo unarudi kwa mwalimu mkuu wa huku. Mtoto ana namba ya PReM, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, inamfuata popote. Ukimtoa kienyeji, huku atahesabika mtoro na huko atakuwa hayumo. Tena yuko la nne, Oktoba ana upimaji wa kitaifa. Hamisha kwa karatasi, usihamishe kwa basi.

Ila kufikia Jumatatu sahau. Kwani Jumatatu kuna nini?

Bi Shuka Jeupe
Mnazaa, mkishindwa mnawatupia bibi zao. Bibi ana magoti, ana presha, leo umpe mtoto wa miaka kumi amkimbize mtoni. Mimi nimelea wajukuu wanne, wazazi wao wako mjini wanapiga picha. Nenda ustawi wa jamii wakusaidie, au piga 116, ni bure.

Chaki ya Zamani
Bi Shuka, 116 ni simu ya mtoto anayeteswa au aliye hatarini. Uji ukikosekana haupigiwi 116.

Bi Shuka Jeupe
Njaa si mateso?

Binti Rangi Tatu
Shikamoo mwalimu, asante sana. Jumatatu hakuna kitu, ni siku tu ya kuanza wiki. Bibi yake nimeshaongea naye na sanduku la mtoto limetangulia na basi la jana. Kwa hiyo nilikuwa naulizia tu hilo la karatasi.

Mwana wa Mwarobaini
Ngoja kwanza. Sanduku limeondoka kabla ya barua? Mimi napenda kujua huo uji ulisimamaje. Elimu bila malipo tangu 2016, nani anakusanya hela?

Chaki ya Zamani
Marahaba. Hapo watu wengi wanachanganya. Waraka Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango. Namba 3 wa 2016 ukafafanua nani abebe nini, na chakula cha mtoto wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Ruzuku ya serikali ni ile shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, haiwezi kupika uji. Ndiyo maana wazazi wanakubaliana kwenye kikao, wanachagua mmoja wao ashike hela, na mwalimu hatakiwi kuzigusa. Pia mtoto ambaye kwao hawajachanga harudishwi nyumbani.

Mwana wa Mwarobaini
Sawa mwalimu. Kwa hiyo mleta uzi, kwenye darasa lenu hela anashika nani?

Binti Rangi Tatu
Anashika mzazi mmoja.

Mwana wa Mwarobaini
Mzazi yupi?

Konda Mstaafu
Nimevuta kiti.

Konda Mstaafu
Saa nne sasa, mleta uzi kaenda kuchota maji?

Sufuria Kubwa
Mkiwa mnasubiri, sisi enzi zetu Ilemela tulikuwa tunakwenda shule na ukuni mmoja kila asubuhi. Ukisahau ukuni, uji unaunusa tu. Kuna jamaa alikuwa anaokota ule ule ukuni wake nyuma ya jiko na kuuwasilisha upya kesho yake, mwezi mzima. Leo ni mhasibu.

Binti Rangi Tatu
Haya. Ni mimi.

Walinichagua Januari kwa sababu nina genge barabarani na kila mtu ananifahamu. Shilingi 6,000 kwa mwezi kila mtoto. Kati ya 87 walilipa 61, jumla 366,000, zote kwenye simu yangu. Mashineni nililipa unga wa 90,000. Zikabaki 276,000 zimekaa tu, na unga ulikuwa wa wiki mbili. Rafiki yangu akaja ana nafasi ya belo la mtumba, nguo za watoto, tugawane nusu kwa nusu. Akaniambia wiki moja hela imerudi na faida. Tumefungua belo, yote masweta. Masweta ya watoto, yenye kofia na manyoya, Mbagala, mwezi huu wa joto. Nimeuza machache, mkononi nina 40,000. Jumatatu kuna kikao cha wazazi, nasoma mapato na matumizi.

Sikuiba, nilizungusha. Hesabu zote zipo, kila aliyelipa nimemwandika kwenye daftari la Maarifa ya Jamii. Na uhamisho niliufikiria tangu zamani, hauhusiani.

Leo asubuhi mtoto amefunga kikombe chake cha plastiki kwenye mkanda wa begi kama kawaida, na uji hakuna. Sikumwambia afungue.

Bi Shuka Jeupe
Uji wa watoto! Ungekula hela ya msiba ningekuelewa.

Konda Mstaafu
Bi Shuka hela ya msiba tena ndiyo unairuhusu?

Mwana wa Mwarobaini
Dada, ukimhamisha mtoto kabla ya kikao umeshajihukumu mwenyewe. Watu 61 watasema katoroka na uji wetu. Korogwe si Ulaya, namba yako wanayo.

Binti Rangi Tatu
Sitoroki, mimi nabaki. Anayeondoka ni mtoto, asije akachekwa darasani. Watoto wa siku hizi wanasikia kila kitu nyumbani. Mnaonilaumu hamjui kukaa gengeni siku nzima unauza nyanya za elfu tano.

Mama Ntilie wa Mjini
Nenda halmashauri, ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao imerudi, wanawake wametengewa asilimia nne.

Chaki ya Zamani
Ile inataka kikundi kilichosajiliwa na mradi, huwezi kuipata kati ya leo na Jumatatu. Wala si ya kuziba shimo.

Mwanangu, mtafute leo mwenyekiti wa kamati ya shule, umfuate kwake kabla hajayasikia kwa mwingine. Nimekaa kwenye hivyo vikao miaka 31. Anayesimama mwanzo akasema "nina 40,000, zilizobaki nitalipa tarehe fulani" wanamfokea robo saa, kisha wanapanga tarehe. Anayesema unga umepanda bei, huyo ndiye anayefikishwa kwa mtendaji. Mtoto umwache shuleni kwake.

Parachichi la Kusini
Samahani, mimi niko Njombe. Hayo masweta ni mangapi? Huku asubuhi mtoto haendi shule bila sweta, na Juni inakuja na baridi yake. Yasiyo na matundu nachukua kwa 1,500.

Binti Rangi Tatu
Kaka unasema kweli? Nimeyahesabu sasa hivi, yapo 130. Machache zipu mbovu.

Mpelelezi Huru
Hahaha, hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Wakuu, hii ni chai, tena imewekwa tangawizi. Mtu analia habari za uji, ghafla katokea mteja wa masweta kutoka Njombe, bei ishatajwa, idadi ishatajwa. Hili ni tangazo la mtumba limevaa sare ya shule.

Na kama mnabisha, rudini juu. Kasema mtoto yuko la nne, hesabu ameandika kwenye daftari la Maarifa ya Jamii. Mtaala mpya uliingia la tatu mwaka 2024, hao ndio wako mbele ya huyo mtoto au sambamba naye. La nne sasa wanasoma Jiografia na Mazingira, wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili. Maarifa ya Jamii wameyatoa wapi? Mtunzi hana mtoto la nne. Nimemaliza.

Konda Mstaafu
Duh. Mpelelezi kapiga kwenye mshono.

Bi Shuka Jeupe
Na mimi nimelia hapa na presha yangu.

Mama Ntilie wa Mjini
Hata mimi hiyo ya kikombe niliona imekaa kitamthilia.

Parachichi la Kusini
Jamani mimi simjui huyu dada, nimeona masweta tu. Nina kibanda sokoni.

Mpelelezi Huru
Ndivyo mshirika anavyosemaga.

Binti Rangi Tatu
Daftari ni la kaka yake. Amemaliza la saba, kaliacha na kurasa nyingi nyuma hazina kitu, sikuona haja ya kununua jipya. Mbele kuna ramani ya Afrika aliyoichora mwenyewe, Madagaska kaisahau, mwalimu kamwekea mduara mwekundu baharini. Ukiligeuza kichwa chini ndiyo yanaanza majina ya wazazi. Nimeweka picha, majina nimeyaziba.

Mpelelezi, ningekuwa natunga ningetunga belo zuri.

Sufuria Kubwa
Nimeiona picha. Hiyo Madagaska kweli haipo.

Mpelelezi Huru
Daftari linapatikana popote. Sijashawishika, ila naendelea kufuatilia.

Chaki ya Zamani
Mduara huo ni wa mwalimu. Hata mimi nilikuwa naupiga hivyo hivyo.

Mwana wa Mwarobaini
130 kwa 1,500 ni 195,000. Jumlisha 40,000 ulizonazo ni 235,000. Unabaki na pengo la 41,000, na zipu mbovu hajazitoa. Na rafiki yako wa belo ana chake humo, au umemsahau?

Binti Rangi Tatu
Haya ni ya nusu yangu. Yake anayo yeye, nayo hayajatoka.

Parachichi la Kusini
Zipu nabadilisha mwenyewe, usizitoe. Tuma na basi la alfajiri, nauli ya mzigo nalipia huku. Nikiuona mzigo ndipo natuma hela, utanisamehe dada, mtandaoni hatujuani. Yale ya rafiki yako nayo tutayaongea.

Bi Shuka Jeupe
Atume kwanza hela. Mnafikiri Njombe hakuna matapeli?

Konda Mstaafu
Nimefanya njia ile miaka tisa. Funga kwenye kiroba cha rangi ambayo wengine hawana, andika namba ya simu pande mbili, na umwone aliyekipakia kwa macho yako. Kiroba cheupe kinashukia Makambako.

Binti Rangi Tatu
Jamani, Jumapili usiku hii. Mzigo umekwenda, kiroba cha kijani. Kwa mwenyekiti nilifika saa kumi jioni, alikuwa anatengeneza paa la banda la kuku, akanisikiliza akiwa juu ya ngazi, hakushuka. Alichosema ni kwamba niwaandikie wenzangu mwenyewe leo leo, nisingoje kesho.

Nimeandika kwenye grupu saa tatu. Kila kitu, mpaka masweta. Sanduku bado liko Korogwe, bibi yake anauliza mtoto yuko wapi.

Mwana wa Mwarobaini
Wamesemaje?

Binti Rangi Tatu
Wamesoma 43. Kimya. Hata yale maua ya usiku mwema leo hayajatumwa. Mmoja tu kajibu, kauliza: "Mama, kesho kikombe abebe au asibebe?"

Konda Mstaafu
Ukamjibuje?

Binti Rangi Tatu
Asibebe. Hela ya Njombe ikiingia kesho, nalipa unga keshokutwa. Jumatano abebe.