Mrejesho: lenzi ya 18-55 inatosha, au nitafute 55-250?

Wakuu, niliuliza kama lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera inatosha kwa mashua za Mikindani na kwa harusi, au niongeze 55-250. Nimeazima hiyo ya pili, nimeijaribu.

Kwanza, ile "zumu mara 3" ya 18-55 ni 55 kugawa kwa 18, basi. Haisemi kitu kitasogea kiasi gani; kinachovuta ni hiyo milimita 250. Nikisimama ufukweni na 18, ghuba yote inaingia na mashua inabaki kama sisimizi. Kwenye 250 naona viraka vya tanga na jamaa anayefua maji. Ila mkono ukitetemeka kidogo tu, picha imeharibika. Nimepandisha kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) hadi 1/500 ya sekunde ndipo ikatulia.

Harusini ukumbi mdogo, 250 ya nini? 18 inabeba ukoo mzima. Usimsogelee bibi harusi nayo tu, pua itatangulia. Rudi nyuma, vuta hadi 55.

Lenzi ya 50 f/1.8 (isiyo na zumu, ila tundu lake la mwanga ni pana), ambayo kwenye kihisi kidogo cha kamera yangu inaona kama 80 kwenye kihisi kikubwa, itasubiri malipo ya korosho.