Miaka sita naitwa "dada tushikie muhtasari", sasa wamenishusha na kwenye makala yangu mwenyewe

Wakuu, leo niacheni nifoke.

Idara yetu ina wahadhiri tisa, wanawake wawili. Kikao kikianza tu, macho ya mwenyekiti yanazunguka meza na kutua kwangu: "Dada, una mwandiko mzuri, tushikie muhtasari." Mwandiko upi? Nachapa kwa kompyuta! Mwezi uliopita nikajikaza, nikatoa hoja kuhusu kugawana usimamizi wa wanafunzi. Kimya. Dakika kumi hazijapita, mwenzangu wa kiume kairudia ileile, wote "hoja nzito hiyo!" Na aliyeandika kwenye muhtasari kwamba hoja ni ya bwana huyo ni mimi.

Hilo ningelimeza. Makala ndiyo imenikaba. Data nimekusanya mimi, uchambuzi mimi, rasimu nimeimaliza na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, nimeiweka juu ya kiti. Narudi kutoka likizo ya uzazi nakuta imeshachapishwa, jina langu la tatu. Kuuliza, najibiwa: "Wahakiki walitaka marekebisho, tukaona tusikusumbue, una kichanga." Hata barua pepe moja? Wanaojua mambo ya kupanda cheo wanajua uzito wa kuwa mwandishi wa kwanza. Hiyo mihtasari, na wanafunzi wanaokuja kulia ofisini kwangu, havina alama hata moja.

Na asije mtu hapa na "jitume tu, utaonekana". Jocelyn Bell Burnell, mwanaastronomia, alijituma. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, alipekua mita kwa mita za karatasi za chati hadi akaiona ishara ya pulsa, yaani nyota inayotuma mawimbi ya redio kwa mapigo. Nobel ya 1974 akapewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Lise Meitner naye, mwanafizikia aliyeshirikiana na Otto Hahn kwenye kazi ya kupasua kiini cha atomu, kazi hiyo ikampa Hahn Nobel peke yake.

Nimesoma masharti ya jarida. Kubadili mpangilio wa majina baada ya kuchapishwa, lazima waandishi wote wakubali kwa maandishi. Yaani nikamwombe saini huyohuyo aliyenishusha!

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie: nimwandikie mhariri moja kwa moja na ushahidi wa rasimu zangu zenye tarehe, au nianzie kwa mkuu wa idara? Maana mkuu wa idara ndiye mwandishi wa pili.