Samaki wa buluu, uso mweusi, mgongo wa njano: ni nani huyu?

Binti_Likoni: Hamjambo. Jumamosi tulitoka Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kwa mashua hadi Kisite, ile hifadhi ya bahari. Nikavaa miwani, nikashuka pale mwamba unapokaribia uso wa maji. Nikaona samaki bapa kama sahani, buluu ya mbingu ya asubuhi, uso mweusi kama amejipaka masizi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni njano tupu. Walikuwa kama thelathini, wote wameinamia mwamba wanatafuna. Nahodha alipoulizwa alisema "samaki wa mapambo". Hilo si jina!

Kipanga: Si ndiye yule wa katuni ya watoto?

Binti_Likoni: Hapana. Wa katuni ana mkia wa njano na mchoro mweusi ubavuni.

Mzee_wa_Dema: Mwanangu, huyo ni kangaja. Kangaja wako wengi, wa kahawia, wa mistari. Huyu wako wataalamu humwita *Acanthurus leucosternon*, yaani kifua cheupe. Ni wa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani yetu hadi kule Bali, Indonesia. Hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu, kwenye mwamba.

Hawatafuni mwamba, wanakwangua mwani. Kuna visamaki vidogo, vikali mno, kila kimoja kina kishamba chake cha mwani na hakitaki mgeni. Kangaja akija peke yake hufukuzwa. Wakija thelathini, mwenye shamba amfukuze yupi?

Ila mkia wake uogope. Kila upande wa shina la mkia pana mwiba mmoja kama wembe, umelala kwenye ala yake; akijipinda, unafunguka. Ujana wangu nilitega dema, ule mtego wa samaki, upande wa Mpunguti, jirani na Kisite (kule uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, Kisite hapana), nikamtoa mmoja kwa kumshika mkia. Kovu liko kwenye kidole gumba hadi leo.

Kipanga: Analiwa, mzee?

Mzee_wa_Dema: Analiwa. Ngozi ngumu, sisi humchuna kwanza. Ila akishakufa ile buluu huchujuka, hutamjua.

Binti_Likoni: Shikamoo mzee, na ahsante. Kumbe! Mimi nilinyoosha mkono nimshike mmoja hapohapo mkiani, penye njano.

Mzee_wa_Dema: Marahaba. Shukuru hakukungoja.