Oksidi ya kinywe: moshi wa kahawia na tope lisilooshika

Mwanafunzi, Mbeya
Wakuu, shikamooni. Natengeneza oksidi ya kinywe (grafiti) kwa njia ya Hummers ya 1958: nitrati ya sodiamu, asidi salfuriki, kisha pamanganeti ya potasiamu. Nataka inase zebaki kwenye maji ya Chunya, kule wachimbaji wadogo wanakoitumia zebaki kukamatia dhahabu. Ila moshi wa kahawia unakaba koo, na kabati la kuvuta gesi halivuti sawasawa. Hatua ya kupasha mchanganyiko hadi 98°C nayo, bafu la maji linatokota lakini kipimajoto kinagoma kwenye 94. Na tope la mwisho haliishi kuoshwa!

Fundi maabara, Iringa
Marahaba mdogo wangu. Simamisha kazi mpaka kabati litengenezwe, nakuomba sana. Huo moshi ni naitrojeni dioksidi. Unaweza kurudi bwenini mzima, mapafu yakajaa maji usiku.

Chanzo chake ni nitrati, kwa hiyo iondoe. Kundi la mkemia James Tour pale Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 2010: asidi salfuriki 9 kwa asidi fosforiki 1, pamanganeti mara 6 ya uzito wa kinywe, 50°C kwa saa 12. Hatua ya 98 haipo kabisa. Kipimajoto chako ni kizima. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka mapema.

Pamanganeti tia kidogo kidogo, chombo kikiwa kwenye barafu. Rangi ya kijani inayotokea ni oksidi ya manganizi inayolipuka ikipita 55°C, na 50 iko jirani mno. Usiache mtambo peke yake.

Kuosha: anza na asidi haidrokloriki hafifu, itoe manganizi. Asidi ikiisha, tope linavimba kama uji wa ulezi na kuziba karatasi ya chujio, basi usichuje. Zungusha kwenye sentrifuji, au acha litulie umimine maji ya juu. Kausha chini ya 50°C. Oveni ya 100 hapana. Chumvi za potasiamu zikibaki, inaweza kushika moto.

Mwalimu wa kemia, Njombe
Nyongeza: ukiitia majini ikiwa unga mtupu itasambaa, ipite kwenye chujio pamoja na zebaki iliyoinasa. Hapohapo Rice, mwaka 2011, walipaka mchanga oksidi hii wakaujaribu kwa zebaki. Mchanga unao, anzia hapo.

Mwanafunzi, Mbeya
Asanteni sana. Fosforiki ipo stoo. Mchanga nioshe kwa asidi kwanza, au maji yatosha?