Acheni kumfanya Mitchell Johnson kinga ya kila mrushaji asiyetabirika

Wakuu, nimechoka na nitasema. Kila tukianza kujadili, kwenye kriketi, mrushaji wa kasi ambaye ova moja (mipira sita) inatisha na tatu zinazofuata ni za kugawa mikimbio, yaani pointi, lazima ajitokeze mtu aandike: "Mkumbukeni Mitchell Johnson," yule mrushaji wa kasi wa Australia. Basi, mjadala umefungwa. Jamaa anapangwa tena mechi ijayo ya testi, ile kriketi ya kimataifa ya siku tano, na sisi tunaambiwa tuwe na subira, vipaji vya namna hii havieleweki.

Haya, leo tumkumbuke huyo Johnson. Ila tumkumbuke mzima, si kipande kile mnachokipenda.

Novemba 2010, Brisbane, testi ya kwanza ya Ashes, mfululizo wa mechi tano kati ya Australia na Uingereza. Johnson alirusha ova 42 katika mechi nzima, akatoa mikimbio 170, hakupata hata wiketi moja, yaani hakumtoa mpigaji yeyote. Wateuzi wa Australia walifanyaje? Walimweka nje mechi ya pili, Adelaide. Hawakumbembeleza wala hawakusema tumwachie ajitafute uwanjani. Aliporudi Perth alipiga mikimbio 62, kisha akawachukua Uingereza wiketi 6 kwa mikimbio 38. Walikuwa wameanza vizuri, 78 bila kupoteza mtu, wakaishia 187. Ilikuwa kazi nzuri mno, siibishi hata kidogo. Lakini watetezi wenu husimulia mpaka hapo, wakanyamaza. Mbona hamwendelei mpaka Melbourne, mechi iliyofuata palepale, alipotoa 134 kwa wiketi 2 na Australia ikachapwa kwa ining'i (zamu ya kupiga) nzima na mikimbio 157? Mfululizo aliumaliza na wiketi 15, kila moja ikiigharimu timu karibu mikimbio 37.

Mwishoni mwa 2011 aliumia mguu, akakaa nje ya timu ya testi karibu mwaka mzima. Hata 2013, Australia ilipokwenda Uingereza kwa Ashes, kwenye kikosi cha testi hakuwemo. Ndipo ukaja ule msimu wa 2013-14 mnaotupigia kelele nao: wiketi 37, kila moja kwa mikimbio isiyofika 14, na Uingereza wakalala 5-0. Huyo ndiye mnayemtaja. Mtu aliyewekwa nje, akaumia, akajengwa upya, akarudi.

Na kuna jambo hamlisemi kabisa, ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nahodha wake, Michael Clarke, alimtumia kwa vipande vifupi, ova tatu nne za moto, halafu kando. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu upande wa pili walikuwapo warushaji wenzake Ryan Harris, Peter Siddle na Nathan Lyon. Harris peke yake alichukua wiketi 22, Lyon 19, Siddle 16. Kikosi kilekile cha watu 11 kilicheza mechi zote tano. Mpigaji akimponyoka Johnson, anakutana na Harris ambaye hampi hata nafasi ya kupumua. Johnson alikuwa mkuki, sawa, lakini kuna watu walioushika mpini.

Sasa tazameni kinachotokea mrushaji wenu anapopangwa bila watu wa namna hiyo. Mwenzake amerusha ova tano safi, mpigaji amebanwa, mikono imekuwa mizito, anaanza kuugusa mpira ambao angepaswa kuuacha. Nahodha amesimamisha watu watatu pale slipu, nyuma ya mpigaji, wadake mpira ukigusa ukingo wa gongo. Anakuja huyu wetu: mpira wa kwanza miguuni mwa mpigaji, unapigwa mpaka mpakani, mikimbio minne. Wa tatu mfupi na mpana, nne nyingine. Nahodha anakuna kichwa, anamtoa mtu wa slipu ya tatu na kumpeleka mpakani akazuie mikimbio. Ova inayofuata yule mwenzake, aliyefanya kazi ya punda saa nzima, anapata ukingo wa gongo, na mpira unapita kiunoni hasa pale slipu ya tatu alipokuwa amesimama. Nne. Jioni mnafungua jedwali, mnaona huyu wetu ana wiketi 2 na mwenzake hana kitu, mnasema afadhali huyu anatafuta wiketi. Jamani! Wiketi ya mwenzake ameiua yeye, na hakuna safu kwenye jedwali inayoandika hilo.

Uingereza waliliona hilo kwenye Ashes ileile ya 2010-11. Steven Finn, kijana wa miaka 21, alikuwa na wiketi 14 baada ya mechi tatu, zaidi ya mrushaji yeyote wa timu yake. Wakamtoa. Alikuwa anavuja zaidi ya mikimbio 4 kwa ova. Akaingia Tim Bresnan, mrushaji asiyemtisha mtu ukimtazama, na siku ya kwanza pale Melbourne Australia nzima ikaondolewa kwa mikimbio 98. Ilikuwa roho ngumu kumtoa anayeongoza kwa wiketi, nami nawavulia kofia mpaka leo.

Sijasema asiyetabirika asichezeshwe kamwe. Testi ni siku tano, wiketi 20 za kutafutwa, na mchana wa siku ya tatu, mpira umelainika na uwanja umelala, unamhitaji mtu wa kasi anayeweza kuleta kitu kutoka hewani. Ninachokataa ni kumpa nafasi kwa kumbukumbu ya ova sita za miaka miwili iliyopita, huku warushaji wengine wawili nao wanatafutwa walipo na wa spini, yule wa mpira wa kuzungusha, hawezi kushika upande wake. Kikosi kinabeba mmoja wa aina hiyo. Wawili hakiwezi.

Kwa hiyo kabla hujanijibu na jina la Johnson, niandikie hapa chini majina matatu: nani ndiye Harris wako, nani Siddle wako, nani Lyon wako. Ukishayaandika ndipo tuanze kubishana.